Bastola ya Baba Gathoni wa Tetu

Wanjiru na Mwenda, mliniomba niwaandikie haya kabla sijayasahau. Kusahau bado, ila magoti yameanza kugoma, na ndiyo maana kile kiti cha karakana sasa ni chenu. Sitawaeleza nilivyopanda cheo, kwa sababu katika duka la watu watatu cheo hakina pa kupandia. Nitaanza na swali nililoulizwa kuliko jingine lolote tangu nianze kazi hadi mliponikatia keki ya kuniaga: bastola ya mtumba, nzuri na ya bei nafuu, mtu aipate wapi?

Wengi wanaouliza wametazama video za ng'ambo. Wameona mtu akiingia katika duka la rehani, akakuta bastola zimepangwa kwenye kabati la kioo kama mandazi, akachagua moja, akapatana bei, akaenda zake. Maduka yetu ya rehani hapa Nyeri mnayajua: runinga, mitungi ya gesi, spika kubwa ambazo mwenyewe hatazirudia. Ukiona bastola humo usiulize bei. Toka polepole uende kituo cha polisi, maana hiyo si bei nafuu, hicho ni kifungo. Kwetu bastola ya mtumba inakuja kwa mlango wa mbele na karatasi zake, na aghalabu inakuja na kisa. Mwenyewe amefariki, au anahamia kwa watoto wake ughaibuni, au macho yamefifia, au ameokoka na hataki tena kulala karibu na kitu kama hicho. Mnunuzi naye lazima awe na cheti chake cha silaha, na wengine wamekingoja hadi wakasahau kwa nini walikitaka.

Mimi nilifika dukani nikiwa msichana kutoka Chuka, na cheti cha ufundi wa mitambo na sketi moja nzuri. Ubao wa nje ulisema pampu, cherehani na silaha. Nilikwenda kwa ajili ya pampu. Mwenye duka alikuwa Jayantibhai, Mhindi ambaye babu yake ndiye aliyelifungua duka lile, na mji mzima ulimwita Bhai tu. Akina mama wa sokoni walimtania kwa Kikuyu naye akawajibu kwa Kikuyu hadi wakashika mbavu. Bhai hakula nyama wala yai. Buibui akionekana karakana, alimkinga kwa karatasi akamtoa nje kwa mkono wake mwenyewe, akamchagulia na ukuta mzuri. Na mtu huyo ndiye wenye mashamba makubwa ya Nanyuki waliyemletea bunduki zilizowashinda mafundi wa Nairobi. Nilistaajabu siku ya kwanza, na mpaka leo bado nastaajabu.

Siku hiyo ya kwanza sikugusa kitu. Bhai aliniambia niweke mikono nyuma nitazame, na kila mikono ilipojisahau ikaja mbele alikohoa. Alipokea bastola kutoka kwa mteja mmoja, mtu mzito wa serikali, ambaye alimhakikishia kuwa haina risasi. Bhai akamshukuru kwa heshima zote. Kisha akaielekeza kwenye pipa la mchanga lililo pembeni mwa meza, akaitoa kasha la risasi, akaivuta nyuma, akachungulia ndani, akaingiza na kidole. Mteja alionekana kama ametukanwa. Alipoondoka, Bhai alinigeukia.

"Mtu akisema hakuna risasi ndani, wewe sema asante," aliniambia. "Halafu angalia kama mtu hajasema kitu."

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu, na masomo mengine yote yalitoka humo. Vifaa mnavijua: vijiti vya shaba, nyundo ya mti, jiriwa iliyovikwa ngozi, taa ndogo ya daktari wa meno, na nepi nyeupe za mtumba ambazo nilikuwa nanunua sokoni kwa mafungu hadi muuzaji akanipa pole kwa kuzaa mapacha kila mwaka. Msidharau nepi. Ukiipitisha ndani ya mtutu itakuambia yale ambayo muuzaji hakuambii. Ikitoka nyeusi, imefyatuliwa ikawekwa bila kusafishwa. Ikitoka na rangi ya udongo wa kwetu, hiyo ni kutu, na hapo unaanza kushusha bei au kurudisha mzigo.

Kuhusu bei nafuu, siri aliyonipa Bhai ni hii. Usipende inayong'aa. Inayong'aa sana imepakwa rangi juzi, na mtu hapaki rangi kitu kisicho na kovu. Tazama vichwa vya skrubu: vikiwa vimechubuka, jua kuna mjuaji aliyeifungua na bisibisi ya jikoni. Tafuta ile iliyofifia ubavuni na kwenye ncha, rangi imeliwa na mkoba wa ngozi. Hiyo imebebwa miaka na miaka kiunoni na mtu aliyeogopa kuifyatua. Wateja wanaipita wakikunja uso, kumbe ndani ni mpya. Nimewapatia watu wengi bastola za namna hiyo, na kila mara nilipoifungua nikakuta viungo vyake vikali kama vilivyotoka kiwandani kabla sijazaliwa, nilisimama kidogo nikaitazama tu. Kuna mtu mahali fulani aliyeketi na tupa akaifanya kazi ile kwa unyenyekevu, akijua hakuna atakayeiona.

Niliwahi kumuona Bhai mwenyewe akisimama hivyo. Kila mwaka, siku ya Dasara, sikukuu ya Wahindi ambapo fundi huviheshimu vifaa vyake, duka lilifungwa na hakuna silaha iliyopokelewa wala kutolewa. Alitandika kitambaa chekundu mezani, akapanga tupa, nyundo, vijiti, hata bisibisi iliyovunjika ncha, akavipaka kila kimoja alama ya unga mwekundu na kuviwekea maua ya njano. Mimi ni mtoto wa kanisa, na mama yangu alikuwa ameniambia siku hiyo nikae mbali. Nikakaa mlangoni. Bhai akachukua tupa yake kuukuu, akaigusisha kwenye paji la uso, akafumba macho. Hakuniomba niingie wala nitoke. Niliona aibu kwamba tupa yangu nilikuwa nimeiacha chini ya benchi na vumbi lake, nikaingia nikaichukua nikaifuta. Tangu siku hiyo sijawahi kulala bila kusafisha vifaa vyangu.

Sasa nifike kwenye kazi iliyonibadilisha. Miaka si mingi iliyopita, Bhai macho yake yakiwa yameshaingia ukungu na yeye akija dukani kuota jua tu, aliingia mama mmoja wa Tetu pamoja na konstebo. Konstebo ndiye aliyebeba bahasha, kwa sababu mama hakuwa na cheti na sheria haimruhusu kubeba silaha. Alijitambulisha kuwa Mama Gathoni. Mumewe, Baba Gathoni, alikuwa meneja wa kiwanda cha kahawa cha kijijini kwao, na alikuwa amefariki baada ya kulala na kiharusi kwa muda. Kituoni walikuwa wamemwambia bastola ya marehemu iuzwe kwa mwenye cheti au isalimishwe kwa serikali. Yeye alitaka iuzwe, iishe.

Dukani alikuwepo pia Bwana Muriithi, mfanyabiashara wa mchele kutoka Wang'uru, ambaye alikuwa amepata cheti baada ya kuvamiwa ghalani kwake. Alikuwa akija kila akipita Nyeri kuulizia kama kumeingia kitu rahisi. Alikuwa mtu mcheshi, mwenye kupatana bei hata ya chai aliyokaribishwa bure.

Konstebo alipofungua bahasha tulicheka sote isipokuwa mama. Ndani kulikuwa na donge la njano, gumu, kama kipande cha sabuni ya kufulia kilichosahaulika sinkini. Umbo la bastola lilionekana kwa shida. Nililinusa nikajua. Ni mafuta ya kukamulia, yale ya kopo ambayo kila mfugaji huku mlimani hupaka chuchu za ng'ombe zisipasuke. Nyumba za Tetu mafuta hayo yanapakwa kila kitu: bawaba, miguu ya watoto, mnyororo wa baiskeli. Kumbe na bastola. Yalikuwa yamepakwa tabaka juu ya tabaka, yakaganda na vumbi na baridi hadi kitu chote kikawa kimoja.

Bwana Muriithi alikuwa mwepesi. Alisema hiyo ni chuma chakavu, na kwa bei ya chuma chakavu yeye ataichukua hivyo hivyo, akailoweke nyumbani kwenye mafuta ya taa. Mama akasema sawa, mradi asirudi nayo kwake. Walikuwa karibu kushikana mikono. Nilimuuliza konstebo kama ina risasi. Akasema polisi waliitazama zamani, kasha likatolewa, haina kitu. Nikamshukuru, nikaipeleka kwenye pipa la mchanga.

Nikaweka kiti cha mama mbali, karibu na Bhai, na Bwana Muriithi nikamsogeza hadi mlangoni akilalamika. Nilianza kukwangua kwa kijiti cha mti, kwa maji moto, pole pole, mtutu ukitazama mchanga. Kadiri mafuta yalivyotoka nilishikwa na mshangao. Chini yake chuma kilikuwa cheusi, laini, bila doa. Sijawahi kuona bastola iliyohifadhiwa vile. Hata mtutu ulikuwa umejaa mafuta hadi mdomoni, na hilo lilinitisha, maana risasi ikifyatuliwa katika mtutu ulioziba unaweza kupasuka mkononi. Mwishowe sehemu ya juu ikakubali kuteleza nyuma kidogo, nikamulika na taa ndogo. Kulikuwa na risasi.

Niliitoa taratibu, ikaanguka juu ya nepi. Bwana Muriithi, ambaye angekuwa anailoweka jikoni kwake jioni ile, aliketi chini mlangoni bila kuambiwa.

Niliigeuza risasi ile nitazame kitako chake. Katikati, mahali pini ya bastola inapogonga mtu akivuta kifyatuo, palikuwa na alama. Ilikuwa hafifu, kama ukucha ukigusa siagi baridi. Nilimpa Bhai. Hakuweza kuona, akapitisha ncha ya kidole juu yake kwa wepesi, akarudia, akiinamisha kichwa kama anayesikiliza mtu wa chumba cha pili.

"Amevuta," alisema. "Si mara moja, Karimi. Mara mbili. Iko alama mbili, moja imelala juu ya ingine."

Nikatazama tena kwa kioo cha kukuzia, na kweli zilikuwa mbili. Bastola ile ni ya aina ambayo ukivuta isilie unaweza kuvuta tena. Nilidhani nimezungumza na Bhai peke yake kuhusu jambo la kifundi. Lakini Mama Gathoni alikuwa amesimama.

"Ati alivuta?" aliuliza.

Nilimwambia ndiyo, mara mbili, na pini haikugonga kwa nguvu ya kutosha. Akaomba kiti, ingawa kilikuwa nyuma yake. Kisha akatueleza, akimtazama konstebo zaidi kuliko sisi, kama anayetoa taarifa. Wezi wa kahawa walikuja kiwandani alfajiri moja na mapanga na rungu. Mumewe alikuwa ndani kwa sababu walikuwa wametishiwa, na ndiyo sababu alipewa cheti. Mlinzi, kijana aitwaye Kariuki, alisimama kwenye mlango wa ghala nao wakampiga hadi akafa. Watu waliokuja mbio walimkuta Baba Gathoni amesimama hatua chache tu, bastola mkononi. Polisi waliunusa mtutu wakasema haujafyatuliwa, wakamrudishia. Kwa kuwa hakuna aliyepigwa risasi, haikuwa ushahidi wa chochote. Ikawa ushahidi wa kijiji tu. Walisema alikuwa na silaha na akamwacha mtoto wa watu afe. Mama yake Kariuki anasali kanisa moja nao, na tangu mazishi alikuwa hajawaamkia. Mwaka uleule Baba Gathoni akaanguka na kiharusi.

"Aliniambia ilikataa," alisema Mama Gathoni. "Mara moja tu. Mimi nikanyamaza. Nilifikiri ni maneno ya mtu ameogopa. Nikampikia, nikamwosha, nikamgeuza kwa kitanda hadi akaenda, na sikuwahi kumwambia nimeamini."

Bwana Muriithi alivua kofia yake. Ndipo mama akauliza kwa nini ilikataa, na mimi nikaogopa kuliko nilivyoogopa risasi. Kwa sababu jibu lilikuwa mbele yangu mezani, rundo la mafuta ya njano. Yalikuwa yameingia hadi kwenye tundu la pini, na katika baridi ya alfajiri ya Tetu yalikuwa mazito kama nta. Pini iliogelea badala ya kugonga. Nikafungua mdomo nimwambie kwamba vyuma vya zamani vina tabia hiyo. Nakiri kwamba ningedanganya, na nadhani Bhai angeniacha nidanganye.

Lakini Mama Gathoni alikuwa ameshasogea mezani. Mtu aliyekamua ng'ombe maisha yake yote hahitaji kuelezwa mafuta hayo. Alichota kidogo kwa kidole, akayanusa, akayasugua kati ya vidole viwili.

"Hii mafuta ni yangu," alisema. "Ni mimi nilikuwa napaka. Kila Jumamosi. Yeye alikuwa anaogopa kutu, nikamwambia lete hapa, mimi niko na dawa."

Nilimshika mkono. Nilimwambia ukweli wote basi, pamoja na ule alioustahili: kwamba mtutu ulikuwa umeziba, na kama pini ingegonga vizuri pengine ingemlipukia mumewe usoni. Alinisikiliza, akaitikia kwa kichwa, lakini niliona kwamba hilo halikumfariji wala kumwumiza. Alikuwa amekaa mahali pengine kabisa, na mumewe, pale kwenye mlango wa ghala, mume akivuta na kuvuta.

Konstebo aliichukua ile risasi kwa sababu sheria inataka hivyo, akaandika kwa ombi langu kwamba ilikuwa na alama mbili za pini. Bwana Muriithi akauliza bei ya bastola ikisafishwa, nikamtajia ile ya haki. Akakubali hapohapo. Kwa miaka yote niliyomfahamu, ndiyo mara pekee niliyomwona akinunua kitu bila kuomba apunguziwe. Nikaisafisha, tukaijaribu kwenye uwanja wa shabaha kwa utaratibu wote, na ilifanya kazi vizuri kuliko mpya.

Mama Gathoni alipokuwa akiondoka aliniomba jambo moja. Alitaka niende kanisani kwao Jumapili. Alisema yeye akisema peke yake watasema ni mjane anatetea wake, lakini mimi ni mtu wa kazi hiyo na si wa kwao. Nilimuuliza kama atasema na habari ya mafuta, maana hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kusema ilikataa, basi, na jina la mumewe likasafishika. Alinitazama kama mtu ambaye hakuelewa swali.

Nilikwenda. Bhai alinipa siku ile mkongojo wake niupande nao mlima, akasema wa kwangu bado haujatengenezwa. Wakati wa matangazo, baada ya ratiba ya akina mama na habari za harambee ya paa, mzee wa kanisa alimpa Mama Gathoni nafasi. Alisimama mbele akiwa na mkoba wake mikononi. Nilieleza mimi kwanza, kwa maneno machache, kuhusu alama mbili kwenye kitako cha risasi. Kisha yeye akasema.

"Baba Gathoni alivuta. Alivuta mara mbili, ikakataa. Ilikataa kwa sababu ilikuwa imejaa mafuta ya ng'ombe, na aliyepaka hayo mafuta ni mimi. Muache jina yake. Kama mko na neno, mko nayo na mimi."

Nilistaajabu kwamba mtu anaweza kujivua hivyo mbele ya majirani zake, mchana kweupe, bila kuinamisha kichwa. Alirudi kwenye benchi lake, na watu waliokuwa wameketi karibu naye walitazama vitabu vyao vya nyimbo.

Upande wa pili wa kanisa mwanamke mmoja aliinuka. Alikuwa mfupi, mwenye kitambaa cha kichwa cha kijani, na alitembea polepole kukatiza njia ya katikati huku mchungaji akiwa amesimama na Biblia imefunguka. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Alifika kwenye benchi letu, akawaambia watu wasogee, wakasogea. Akaketi kando ya Mama Gathoni bila kumtazama, akiangalia mbele kama watu wengine wote.

"Na mimi," alisema, kwa sauti iliyofika hadi kwangu, "ndiye nilimwambia Kariuki achukue hiyo kazi."

Mama Gathoni akamsogezea kitabu chake cha nyimbo, wakakishika pamoja.